Mjomba aliuliza ukoo, wewe ukatoa kitambulisho

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 28, naishi Mbagala Kizuiani na nafanya kazi ya uhasibu kwenye ghala moja Chang'ombe. Mwezi uliopita tulikwenda Tandale kujitambulisha ukweni. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mjomba wa mchumba wangu alipoisoma upya barua yetu ya posa. Akalisoma jina langu la mwisho kwa sauti, "Jackson", akauliza, "Hawa kina Jackson ni watu wa wapi? Ukoo gani huu?" Wengine wakacheka. Mimi nikatoa kitambulisho cha NIDA nikidhani namsaidia. Akakigeuza mbele na nyuma, akanirudishia, akasema, "Baba, hii ni karatasi." Baba yangu alikuwa amekaa pembeni yangu, hakusema neno.

Shangazi, Jackson ni jina la babu yangu mzaa baba. Kwetu ni Tukuyu na tuna jina la ukoo linaloanza na Mwa-, ila baba alipohamia Dar halikuandikwa. Nilipomsimulia rafiki yangu wa kazini, akaniambia Jackson ni jina la wenye watumwa kule Marekani, na kwamba mwacha asili ni mtumwa. Nimeumia sana. Nimeshamwona wakili anibadilishie jina nichukue la ukoo. Nilipomweleza baba, alijibu, "Fanya unavyotaka," na tangu siku hiyo hanisemeshi. Mama anasema hata chakula anataka apelekewe chumbani.

Naomba unijibu: jina hili lina maana gani na limetoka wapi? Je, nilibadili?

Ni mimi,
Mjukuu wa Jackson, Mbagala

Marahaba mwanangu.

Pole kwa yaliyokukuta Tandale, na hongera kwa uchumba, maana katika barua nzima hukuandika hata mstari mmoja kwamba ukweni wamekukataa. Nitaanza na jina lenyewe, kwa sababu umelihukumu kabla hujalisikiliza.

Jackson maana yake ni mwana wa Jack. Hiyo "son" ya mwisho ni mwana. Jack ni jina la kubembeleza la John, kama Emmanuel anavyoitwa Ema na Josephine anavyoitwa Jose. Waingereza wa zamani walimwita John wa nyumbani Jankin, ikawa Jackin, ikaishia Jack. John naye ni Yohana wetu, kutoka Kiebrania Yohanan, yaani Mungu amefadhili. Waarabu humwita Yahya. Basi jirani yako hapo Kizuiani anayeandikwa "bin Yahya" na wewe unayeandikwa "Jackson" mmebeba jina moja. Mmoja limemfikia kwa njia ya msikiti, mwingine kwa njia ya kanisa.

Tena hamko wawili tu. Enzi hizo Uingereza ilijaa kina John, na kila kijiji kilikuwa na njia yake ya kusema "mtoto wa John". Ndiyo maana wapo Johnson, Jones, Jenkins na Hanson. Wales wakatoa Evans, Denmark wakatoa Hansen na Jensen, Urusi wakatoa Ivanov. Wote hao chimbuko lao ni Yohana mmoja.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye jibu lako. Zamani Mwingereza wa kawaida hakuwa na jina la ukoo. Alikuwa na jina lake, basi. Wakizidi kina Robert kijijini, mmoja anaitwa Robert mhunzi, mwingine Robert wa mlimani, mwingine Robert mwana wa Jack. Mwanawe Robert, tuseme William, hakuitwa Jackson; aliitwa William mwana wa Robert. Jina la baba lilidumu kizazi kimoja, kisha likapisha jingine. Kaskazini mwa Uingereza na Scotland walipenda huo mtindo wa "son". Wales walisema "ap", na kutoka huko tukapata Price, aliyekuwa ap Rhys, na Powell, aliyekuwa ap Hywel. Waskoti wa milimani na Waayalandi walisema "Mac".

Kilichokuja kuyagandisha majina hayo ni daftari. Mwaka 1377, tena 1379 na 1381, serikali ya mfalme ilitoza kodi ya kichwa, na karani ilibidi aandike nani kalipa na nani bado. Katika orodha za Yorkshire za mwaka 1379 utakuta watu wameandikwa mwana wa fulani, mke wa fulani, hata mtumishi wa fulani. Baadaye, mwaka 1538, Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliagiza kila parokia iwe na kitabu cha ubatizo, ndoa na mazishi. Ukishaandikwa kitabuni Jackson, na mwanao akaandikwa Jackson, na mjukuu hivyo hivyo, inafika mahali hakuna anayemkumbuka Jack alikuwa nani. Jina limeganda.

Sasa mtazame baba yako. Sijui alikuja Dar mwaka gani, lakini wengi wa kwenu Rungwe na Mbeya walishuka pale kituo cha TAZARA, reli iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, wakapanga Temeke, Mtoni, Mbagala, wakaanza maisha. Mtu akifika ofisini anaulizwa: jina lako? La baba yako? La babu yako? Ulipopelekwa darasa la kwanza wewe, mwalimu aliuliza hayo hayo, akajaza jina lako, la baba yako, na la babu yako Jackson. Hakuna aliyedanganya. Mwalimu aliuliza swali la haki, baba yako akajibu ukweli. Karani wa Yorkshire na mwalimu wa Temeke wamefanya kazi moja, wamepishana miaka 600 tu. Jina la babu likaingia kwenye daftari la mahudhurio, likaingia kwenye cheti cha kidato cha nne, likaingia NIDA. Limeganda mikononi mwenu, nanyi mkiwa hai mnaona.

Huko Iceland mpaka leo halijaganda. Vigdís Finnbogadóttir, mwanamke aliyechaguliwa kuwa rais wa nchi hiyo mwaka 1980, jina lake la pili maana yake ni binti wa Finnbogi, na halikuwa la ukoo wowote. Wahabeshi nao hivyo hivyo: jina la pili la mtu ni jina la baba yake. Ukimwita Mhabeshi kwa jina lake la pili peke yake, umemwita baba yake.

Na usidhani mambo haya ni ya Wazungu. Hiyo Mwa- ya ukoo wenu imebeba neno lile lile la mwana wa fulani. Mzee wenu mmoja wa zamani kule Rungwe aliitwa jina lake, watoto wake wakaitwa wana wa huyo mzee, na jina likakaa. Wakalenjin wa Kenya wana arap. Daniel arap Moi ni Daniel mwana wa Moi. Kwa hiyo unapotaka kutoka kwenye Jackson kwenda kwenye Mwa-, unatoka kwa mwana wa mzee mmoja kwenda kwa mwana wa mzee mwingine. Wote wawili ni wazee wako.

Tuje kwenye neno lililokuchoma, utumwa. Rafiki yako hakusema uongo mtupu. Katika sensa ya Marekani ya mwaka 2000, zaidi ya nusu ya watu wenye jina la Jackson walikuwa Weusi. Rais Andrew Jackson, aliyetawala kuanzia 1829 hadi 1837, alimiliki watumwa. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, watu walioachiwa huru walihitaji jina la pili la kuandikisha ndoa, kazi na ardhi. Wapo waliobaki na jina la bwana wa zamani, na wapo wengi waliojichagulia wenyewe jina walilolipenda. Malcolm X, aliyezaliwa Malcolm Little, aliitupa hiyo Little akaweka X badala ya jina la Kiafrika ambalo wazee wake walinyang'anywa na ambalo yeye hakuwa na namna ya kulijua. Mwaka 1964 alifika hapa hapa Dar es Salaam na akaonana na Mwalimu Nyerere.

Hata kwetu yupo aliyebebeshwa jina kwa njia hiyo. Jacob Wainwright alikuwa Myao aliyekombolewa kutoka kwenye jahazi la watumwa, akapelekwa shule ya wamisheni huko Nasik, India. Wainwright ni jina la Kiingereza la fundi wa magari ya kukokotwa. Yeye wala baba yake hawakuwa na kazi hiyo. Mmisionari David Livingstone alipofariki mwaka 1873, Wainwright alikuwa miongoni mwa walioubeba mwili wake pamoja na watumishi wake Susi na Chuma mpaka Bagamoyo, na ndiye aliyechonga maandishi kwenye mti ulipozikwa moyo wa mzungu yule. Aprili 1874 alikuwepo maziko yalipofanyika London, katika kanisa la Westminster. Huyo ndiye mtu aliyepewa jina kwa sababu alikatwa kwao.

Wewe hukukatwa kwenu. Babu yako alikuwa Jackson akiwa na ukoo wake, na shamba lake, na watani wake, hapo hapo Rungwe. Wamisionari Wajerumani wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani walipoondolewa, Waskoti wa misheni ya Livingstonia walizihudumia misheni za huko kwa miaka kadhaa. Huko Scotland majina ya "son" yamejaa tele. Si ajabu basi nchi yenu ikajaa kina Anderson, Wilson, Watson na Jackson, majina ya ukoo ya Waskoti yaliyogeuzwa kuwa majina ya ubatizo. Babu yako alilichukua jina la watu akalifanya la kwake la kwanza, na la ukoo akabaki nalo nyuma. Malcolm X aliandika X kwa sababu hakulijua la kwao. La kwenu unalijua, unalitamka, na umeniandikia herufi zake tatu za mwanzo. Rafiki yako atafute msiba mwingine wa kukulilia.

Lakini methali aliyokutupia usiidharau. Mwacha asili ni mtumwa, ndiyo, ila asili ni watu, makaburi na mashamba. Je, unamjua ndugu mkubwa wa babu yako? Mara ya mwisho umefika Tukuyu lini? Kuna mtu ameandikwa Mwa- kwenye kila karatasi na hajui njia ya kwenda kwao, na kuna kina Hamisi Juma wa Temeke ambao ukoo wao hauko kwenye cheti chochote, lakini msiba ukitokea Rufiji wanajaza basi.

Hapo ndipo ninaporudi kwa yule mjomba. Umeniandikia kwamba mchumba wako ni wa Tandale, hukuniambia ni kabila gani. Kama ni Mluguru au Mzaramo, mjomba kwao si mgeni wa heshima tu. Ukoo unapitia kwa mama, kwa hiyo yeye ndiye mwenye neno. Na hata kama ni wa kabila jingine, mjomba anayeuliza ukoo wa mkwe hafanyi dhihaka. Anatafuta mambo matatu. La kwanza, je, kuna damu inayogusana na yetu? La pili, ninyi ni watani wetu au wakwe zetu wa zamani? La tatu, na hili ndilo kubwa: binti yetu akiugua, akijifungua, au Mungu akimchukua, tutawafuata wapi na tutamsalimia nani?

Wewe ukampa kitambulisho. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, mwanangu, na hakuna hata moja inayosema bibi yako kazikwa kijiji gani. Mzee alikwambia kweli, ile ni karatasi. Na jina la Jackson lisingemsaidia hata kama mngekuwa Waingereza, kwa sababu kule nako kila kijiji kilikuwa na Jack wake, na kina Jackson wawili wakikutana hawana undugu wowote wa lazima. Kwa hiyo alichokosa mjomba hakimo ndani ya jina. Ukienda kesho na cheti kipya kilichoandikwa Mwa-, atauliza tena, "Wa wapi hao?" na utakuwa huna jibu bado.

Jibu ni watu. Kabla ya siku ya mahari, tafuta mzee mmoja wa ukoo wenu aliyepo Dar. Wanyakyusa mmejaa jiji hili, hukosi baba mkubwa au binamu wa babu huko Mbagala, Tabata au Kimara. Aende na baba yako Tandale, akae mkekani, ataje: sisi ni wa ukoo fulani, kijiji fulani, kata fulani, babu yetu fulani alizaa fulani na fulani, Jackson ni wa pili, huyu ni mwana wa mwanawe. Dakika kumi. Mjomba atasikia anachokitaka, na atalisahau suala la jina mpaka harusini atakapolitumia kukutania.

Tuje kwa baba yako, ambaye ndiye hasa aliyenikosesha amani nilipokusoma. Wewe umesikia ukweni wakilicheka jina. Yeye amesikia ukweni wakimcheka baba yake. Kwako Jackson ni neno la mwisho kwenye fomu. Kwake ni mtu aliyemfundisha kushika jembe na kumlipia ada. Alinyamaza Tandale kwa adabu, kwa sababu mkwe hajibizani siku ya kwanza. Halafu mwanawe mwenyewe anarudi nyumbani na kusema jina la babu ni la wenye watumwa, na wakili ameshapatikana. Angesema nini zaidi ya "Fanya unavyotaka"?

Nenda kwake jioni, umpelekee chai wewe mwenyewe, usimtume mama. Usianze na habari ya jina. Mwulize babu Jackson alikuwa mtu gani, alibatizwa wapi, nani alimchagulia jina, aliitwaje kabla ya hapo. Karibu kila Mnyakyusa wa umri ule alikuwa na jina la nyumbani kabla ya la kanisani. Andika majibu. Hayo ndiyo yatakayokwenda Tandale.

Sasa swali lako la pili: ubadili? Sheria inakuruhusu. Wakili ataandaa hati ya kubadili jina, itasajiliwa kwa Msajili wa Hati, na ukishaipata ndipo unaanza safari: NIDA, kisha benki, mfuko wa pensheni, namba ya mlipa kodi, leseni, pasipoti, kazini. Vyeti vyako vya shule vitabaki na jina ulilofanyia mtihani, kwa hiyo kila utakapoomba kazi utaambatanisha ile hati maisha yako yote. Wewe ni mhasibu, piga hesabu. Ni mzunguko wa nauli, foleni na maelezo, kwa faida ambayo mjomba hakuiomba.

Na ipo njia ya bei nafuu ambayo wakubwa wameipita mbele yetu. Mwalimu Nyerere alikuwa Kambarage mwana wa Nyerere. Baba yake ndiye Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Kwa mtindo wa jina la baba, watoto wa Mwalimu wangekuwa Makongoro Kambarage na Madaraka Kambarage. Wao ni Makongoro Nyerere na Madaraka Nyerere. Nyumba ile iliamua jina ligande kwa babu. Zanzibar, mwana wa Abeid Amani Karume anaitwa Amani Abeid Karume, na mwana wa Ali Hassan Mwinyi anaitwa Hussein Ali Mwinyi. Familia ndiyo huamua jina lisimame wapi, na mara nyingi huamua siku mtoto anapoandikishwa.

Siku hiyo inakuja kwako. Mtoto wako wa kwanza akizaliwa, ile fomu ya kuombea cheti cha kuzaliwa ina nafasi ya jina la mwisho, na wewe na mama yake mtaijaza mnavyotaka bila wakili na bila gharama ya ziada. Mwandike jina lake, kisha lako, kisha Mwa- yenu. Jackson atabaki kwenye karatasi zako kama babu alivyostahili, na ukoo utarudi kwenye karatasi za wajukuu zake. Ukiona hilo halitoshi, na bado baada ya mazungumzo na baba unataka kubadili la kwako, mrudie wakili wako. Ila baba yako awe ameketi kiti cha pili pale ofisini, na awe amekubali kwa mdomo wake.

Shangazi